Acheni Kupanua Silinda: Pikipiki ya Safari Inahitaji Kufika

Najua nilipotea kidogo, kazi ilinimeza. Wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya mambo ya PHP na MySQL wanivumilie mpaka wiki ijayo. Leo kuna jambo limenikaa kooni na lazima nilitoe. Ni jambo la pikipiki, lakini msikimbie, kwa sababu ukilichunguza sana ni jambo la programu vile vile.

Hoja yangu naiweka hapa mwanzoni ili mwenye kukasirika akasirike mapema. Sehemu kubwa ya "uboreshaji wa injini" unaouzwa kwa watu wa safari ndefu ni upotevu wa pesa. Na ule unaosifiwa kuliko yote, wa kupanua silinda na kutia pistoni kubwa, kwa pikipiki ya safari ni hatari. Ndiyo, nimesema hatari. Sasa tuendelee.

Mwenzangu mmoja (jina lake nalihifadhi, ameshachekwa vya kutosha) ana Royal Enfield Himalayan, ile ya kwanza ya cc 411. Mimi pia ninayo kama hiyo. Wanaoijua wanajua ina nguvu za farasi 24 hivi, gia tano, na roho ya punda: haikimbii, lakini haikatai. Mwenzangu alitaka kwenda Addis Ababa na kurudi. Alikusanya pesa mwaka mzima na akaomba likizo yake yote, siku 21. Kisha wiki mbili kabla ya safari akaingia duka moja hapa Nairobi kununua oili, akatoka na pistoni mpya, silinda mpya, bomba la moshi jipya na kijisanduku cha kudanganya kompyuta ya injini. Cc 411 zikawa 480. Fundi alimwambia, "Mkubwa, hii ikitoka hapa hutaitambua."

Kweli hakuitambua. Kati ya Laisamis na Logologo, saa saba mchana, mwezi wa Februari, injini iligonga mara kadhaa kama changarawe ndani ya mkebe, ikapoteza nguvu, ikazima. Alikaa kando ya barabara saa tatu na nusu akiwa na lita moja na nusu ya maji. Lori la mbuzi ndilo lililomrudisha Isiolo, yeye na pikipiki yake, wote wakinuka. Injini ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imeungua ukingoni na ukuta wa silinda una mikwaruzo ya kupitisha ukucha. Pistoni ya aina hiyo Kenya nzima hakuna. Kuiagiza kutoka ng'ambo ni wiki tano. Likizo ikaisha yeye akiwa nyumbani Umoja anatazama ramani ya Ethiopia.

Nimesikia mtu akisema alikuwa na bahati mbaya. Bahati gani? Tupige hesabu.

Kwanza, pima ndipo uboreshe

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, alieleza jambo ambalo sisi tuliosoma sayansi ya kompyuta tulikaririshwa mpaka tukalichukia: ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikila. Programu yako ikitumia asilimia 5 ya muda kupiga hesabu na 95 kusubiri hifadhidata, unaweza kununua prosesa ya bei ya shamba na mteja asione tofauti. Donald Knuth naye mwaka 1974 alitukanya dhidi ya kuboresha kabla ya wakati, yaani kabla hujajua muda unapotelea wapi.

Kwa hiyo nikapima. Nilifunga kiswichi kidogo kwenye mkono wa mafuta, kinachobonyea tu mkono ukifunguliwa mpaka mwisho, nikakiunganisha na Arduino ya kuandika saa. Pembeni nikaweka GPS. Nikaenda Nairobi mpaka Moyale, kama kilomita 780, nikalala Marsabit njiani. Nikiacha usingizi, safari ilichukua saa 13 na dakika 20, yaani dakika 800. Skripti ya Python ikanigawia hivi:

- Msongamano, miji, matuta na vizuizi vya polisi: dakika 210
- Kusimama (mafuta, chai, kunyoosha mgongo, picha): dakika 165
- Mwendo wa kawaida, mkono wa mafuta haujafika mwisho: dakika 378
- Mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho: dakika 47

Dakika 47! Hapo tu ndipo injini ilikuwa ikiniambia "sina zaidi". Kwingine kote nguvu zilikuwepo, sikuzitaka.

Sasa tuitie ile 480. Nguvu zinaongezeka kwa asilimia 17 hivi, tukiamini maneno ya muuzaji. Kwenye tambarare adui yako ni upepo, na nguvu zinazotakiwa kuushinda hukua kwa mchemraba wa mwendo. Ongeza nguvu kwa asilimia 17, mwendo wako wa juu unapanda kwa asilimia 5. Kutoka 120 unafika 126. Hongera! Kikomo cha sheria nchini ni 110. Mlimani mambo ni mazuri zaidi, unaweza kukaribia ile 17 yote. Basi mimi nitakuwa mkarimu, nitakupa asilimia 17 katika zile dakika 47 zote. Umeokoa dakika 7. Kati ya 800. Chini ya asilimia moja.

Dakika 7 ni kikombe kimoja cha chai pale Archer's Post, na hujaimaliza. Mwenzangu alilipa zaidi ya bajeti yake yote ya mafuta na malazi mpaka Addis ili apate kikombe hicho.

Pili, ukubwa hauji peke yake

Silinda ya Himalayan hii ina kipenyo cha milimita 78 na pistoni hutembea milimita 86. Piga hesabu utapata 411. Mgandamizo wake, yaani kile mafundi wanakiita kompresheni, ni 9.5 kwa 1. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 48. Sasa tia pistoni pana zaidi ili ujazo uwe 480 na uache kichwa cha injini kilivyo. Nafasi ya juu bado ni 48. Jumlisha 480 na 48, gawanya kwa 48: umepata 11 kwa 1. Labda pistoni mpya imechongwa shimo juu ili kupunguza hilo. Je, ulimuuliza muuzaji? Mwenzangu hakuuliza. Nilipompigia muuzaji mwenyewe alinijibu, "Hiyo ni kitu ya kawaida, usijali." Huyo hajui.

Kompresheni ikipanda, injini inataka petroli yenye oktani ya juu, la sivyo mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla ya wakati na ndiyo ile sauti ya changarawe. Nairobi utachagua kituo. Ukitoka kwenye barabara kuu kuelekea Loiyangalani, petroli yako inatoka kwenye pipa kwa mpira, au kwenye chupa za soda zilizopangwa mbele ya duka. Oktani yake muulize mwenye duka, atacheka na wewe vizuri tu.

Na joto je? Injini hii inapoozwa kwa hewa na oili. Mapezi yake ya chuma ni yale yale, kipooza oili ni kile kile. Wewe unachoma petroli zaidi kila mzunguko, na joto lote lililozidi unalitupia mfumo uliopimwa kwa ajili ya 411. Ni kama kuongeza watumiaji maradufu kwenye seva ile ile halafu ushangae inazima saa nne asubuhi.

Tatu, ugonjwa wa "kwangu inafanya kazi"

Sisi watengeneza programu tuna aibu yetu moja. Mteja analia programu imekufa, na aliyeiandika anajibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwako, ndiyo. Kwenye kompyuta yako, na data yako mistari kumi.

Pikipiki ya mwenzangu ilirekebishwa na kujaribiwa Nairobi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700. Kila ukipanda mita 1,000, unapoteza karibu asilimia 10 ya hewa. Hewa ikiwa nyepesi, silinda hujaa kidogo, shinikizo ndani ni dogo, injini haigongi. Fundi akaipeleka mpaka Mlolongo na kurudi jioni kukiwa na ubaridi, akasema iko sawa. Kisha ishushe Laisamis, zaidi ya mita 1,000 chini, hewa nzito, jua la Kaisut, mizigo nyuma na upepo wa mbele. Wanaojua upepo wa Marsabit wanajua si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo iliwekwa upande ule wa Ziwa Turkana. Hayo ndiyo mazingira ya kazi halisi. Hayakujaribiwa hata kwa kilomita moja.

Tena ilifungwa wiki mbili kabla ya safari! Wenzangu wa ofisini, kati yetu nani anapandisha mabadiliko makubwa Ijumaa jioni halafu anazima simu? Huyo tunamfahamu na tunamwombea.

Mimi pia nimetenda dhambi

Msidhani najitoa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chujio la hewa la "kupumua vizuri" na bomba la moshi la kelele. Bomba lilinipa kichwa kuuma kufikia Mtito Andei na majirani walioniamkia kwa kununa. Chujio ndilo lililonitisha. Baada ya siku mbili za vumbi la upande wa Magadi nilipitisha kidole ndani ya mdomo wa hewa, upande ulio nyuma ya chujio, upande ambao haufai kuwa na kitu. Kidole kilitoka na unga mwekundu. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ndani ya silinda ni msasa. Nililipa pesa zangu halali ili nisage injini yangu. Siku hiyo hiyo nilirudisha chujio la kampuni, nikaongeza sponji ya oili mbele yake. Bei ya chakula cha mchana.

Walimu wa kweli

Mkitaka kujua wasafiri wazoefu huchagua nini, tazameni Kawasaki KLR650. Imetengenezwa tangu 1987 na imezunguka dunia mara zisizohesabika. Uboreshaji maarufu kuliko wote wa injini hiyo ni nini? Ni kipande cha chuma kinachoweza kukaa kiganjani, kile kinachokaza cheni ya vizani ndani ya injini. Cha kiwandani kilikuwa na sifa ya kuvunjika, basi watu wakatengeneza kigumu zaidi. Hakiongezi nguvu hata ya farasi mmoja. Hata nusu ya farasi. Kinaondoa tu sababu moja ya kukwama porini.

Na ili nisionekane nina chuki na pistoni kubwa: KLR hiyo hiyo ina seti ya kupanua silinda inayoitwa 685, na baadhi ya wenye zile za 2008 waliokuwa wakichoma oili kwa mwendo wa kasi waliitumia kutibu tatizo hilo. Sina neno. Walikuwa na ugonjwa, wakatafuta dawa, nguvu zikaja kama nyongeza. Mwenzangu hakuwa na ugonjwa. Alinunua dawa kisha akapata ugonjwa.

Kawasaki walipoifanyia kazi tena kwa mwaka wa 2022, waliitoa kwenye kabureta wakaitia sindano za mafuta. Silinda wakaiacha ukubwa ule ule. Wahandisi wote wale na mashine zote zile, wakaona kinachokosekana si ukubwa.

Ted Simon naye alizunguka dunia kati ya 1973 na 1977, akipita Kenya, kwa Triumph ya cc 500. Barabara zetu za wakati ule mnazijua. Lami ya kutoka Isiolo mpaka Moyale, karibu kilomita 500, ilikamilika juzi tu katika miaka ya 2010. Halafu wewe uliye na lami na simu unaniambia 411 haitoshi?

"Lakini nguvu ni usalama!"

Hii ndiyo hoja ya wale wenye akili, kwa hiyo naiheshimu. Wanasema ukiwa nyuma ya lori unahitaji nguvu ili umpite haraka. Kweli. Tupime. Pikipiki, mimi na mizigo ni kama kilo 320. Kutoka kilomita 60 mpaka 100 kwa saa, baada ya kutoa sehemu inayoliwa na upepo, injini ya kawaida hunichukua sekunde 6 au 7. Ile kubwa inaokoa sekunde moja hivi.

Sekunde moja ni kitu, sibishi. Lakini ukishuka gia moja kabla ya kuanza, badala ya kuanza umelala gia ya tano, unaokoa zaidi ya hiyo bure. Na kama kumpita lori lako kunategemea sekunde moja, kosa lilifanyika zamani, ulipotoka nyuma yake bila kuona mbele. Wale wa Salgaa tuliowazika hawakukosa cc.

Na kama nguvu unazitaka kweli kweli, ziko. Royal Enfield wenyewe mwishoni mwa 2023 walitoa Himalayan mpya ya cc 452 yenye nguvu za farasi 40. Lakini tazameni walivyofanya: hawakupanua ile ya zamani. Walichora injini upya, wakaitia maji na radieta, wakaongeza gia ya sita. Waliokuwa na kila sababu ya kupanua silinda kwa bei nafuu, hawakupanua. Uza ya zamani, ongeza pesa, nunua hiyo. Hiyo naiita kuhamia toleo jipya. Ya mwenzangu naiita kubandika kiraka usiku kwenye programu isiyo yako.

Basi tuchague vipi?

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Usiikaze panapong'aa, ikaze pabovu. Kabla ya kutoa shilingi moja kwa injini ya safari, jiulize haya matano:

1. Kitu hiki kinaondoa sababu gani ya mimi kukwama? Kama jibu ni "hakuna, ila inatoka vizuri", rudisha pochi mfukoni.

2. Kikiharibika, spea iko Kirinyaga Road au iko kwenye meli?

3. Baada yake tangi litanifikisha wapi? Yangu ina lita 15 na hunipa kilomita 30 kwa lita, yaani 450. Ya mwenzangu ilishuka mpaka 24, yaani 360. Alinunua nguvu akauza kilomita 90, na huko kaskazini kilomita 90 ni kufika au kulala njiani.

4. Nani amekijaribu kwenye joto, mzigo na kimo ninachokwenda? Video ya mtu akikinguruma gereji haihesabiki.

5. Naweza kurudi nyuma? Sproketi utarudisha kwa nusu saa. Chujio kwa dakika kumi. Injini iliyofungwa silinda na pistoni nyingine hairudishwi kando ya barabara Logologo.

Ukipita maswali hayo, kinachobaki ni orodha ya kuchosha. Kupima nafasi za vali kama kitabu kinavyosema. Oili ya kiwango kilichoandikwa, kwa wakati wake. Chujio safi na la akiba. Plagi mpya na ya zamani mfukoni. Cheni na sproketi nzima. Ukiona milima inakushinda na mzigo, punguza jino moja mbele. Kwenye meno 15, jino moja ni kama asilimia 7 ya mvuto zaidi kwenye gurudumu, kwa bei ya nyama choma kilo mbili, bila kugusa injini. Utapoteza kidogo mwendo wa juu, ambao tumeshaona huutumii. Kisha endesha kilomita 1,000 karibu na nyumbani kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Najua orodha hiyo haipigi picha nzuri. Hakuna atakayesimama pale kituo cha mafuta aulize, "Bwana, vali zako umezipima lini?" Lakini mimi kazini sijawahi kusifiwa kwa seva ambayo haikuzima. Ninasifiwa na usingizi.

Mwenzangu amerudishia pistoni na silinda za kawaida. Zote alizipata Nairobi kwa siku mbili. Mwaka huu ameomba tena siku zake 21, na safari hii tunaenda wawili, kwa cc 411 kila mmoja, kwa mwendo wa punda. Tukichelewa dakika 7 Addis Ababa, watatungoja.

Haya, nimemaliza. Wauza pistoni, uwanja ni wenu, rusheni mawe hapo chini. Mjibu kwa hesabu lakini, si kwa matusi.